Umeitwa semina ya maji? Ondoka na tatizo la kituo chako

Kabatini kwangu kuna bahasha ya kaki yenye vyeti 11. Cha kwanza nilikipata mwaka 2007, mafunzo ya siku tatu ya huduma kwa mteja, enzi hizo nikiwa msoma mita. Cha mwisho ni cha mwaka jana. Juzi nilivimwaga vyote mezani nikajiuliza kila kimoja kilibadilisha nini kazini kwangu. Vilivyoweza kujibu ni vinne. Vile saba vilinipa begi la kitambaa lenye nembo, kalamu mbili, kuku wa kukaanga mchana na posho. Sidharau posho hata kidogo, maana posho ya siku tano ndiyo iliyonunua mabati ya chumba cha pili nyumbani kwangu. Ila mabati hayakunisaidia chochote siku mtambo uliponishinda usiku.

Nina miaka 19 kwenye mamlaka ya maji ya mji mmoja hapa Tanzania. Mji siutaji, riziki yangu bado iko huko. Nimesoma mita, nimekata watu maji na kukimbizwa na mbwa wao, nimekesha zamu kwenye mtambo wa kutibu maji, na sasa niko kitengo cha upotevu wa maji. Vijana wanaoajiriwa wana swali moja: kaka, niombe mafunzo gani, na habari za sekta unazipatia wapi? Kwenye korido huwa nawajibu kwa haraka. Leo acha niwajibu nikiwa nimekaa.

Usiku ambao chai haikunyweka

Ilikuwa masika, mto umeshuka na tope. Waliowahi kukaa mtamboni wanajua: maji yakija mazito hivyo, klorini unayotia inaliwa na uchafu kabla haijafika kwenye kazi yake ya kuua vimelea. Kwa hiyo unapandisha dozi, unapima, unapandisha tena. Nilikuwa peke yangu na mlinzi. Saa saba usiku nikachukua sampuli, mililita 10 kwenye kijichupa, nikatia kidonge cha DPD namba moja, kile cha kupimia klorini kwa rangi, nikakiponda, nikatikisa. Rangi ya waridi ikapita mara moja, kama mtu aliyechungulia mlangoni akarudi ndani, kisha maji yakabaki hayana rangi yoyote. Nikaandika kwenye daftari la zamu: 0.0. Nikapandisha dozi. Baada ya saa moja nikapima tena, waridi ikachungulia, ikapotea. 0.0. Nikapandisha tena.

Saa 12 asubuhi simu za ofisi zilianza kulia. Maji yananuka Jik. Mama mmoja alisema amemwaga birika zima la chai, hata kwa tangawizi halinyweki. Mkuu wa zamu alipokuja akafungua daftari langu akakuta sifuri zimepangana, akaniuliza kama nimelewa. Sikuwa na jibu. Tulipunguza dozi, tukasafisha tenki, nikapewa barua ya onyo, mambo yakaisha. Ila mimi hayakuniisha. Nilinakili ule ukurasa kwenye daftari langu binafsi pamoja na saa, kiasi cha dozi na zile sifuri.

Miaka miwili baadaye nikaitwa kwenye mafunzo ya ubora wa maji. Siku ya tatu mkufunzi alipita kwenye slaidi ya vipimo vya klorini kwa sekunde chache tu, akaenda zake kwenye vimelea. Wakati wa chai nikamfuata na daftari langu. Aliutazama ule ukurasa akacheka, kisha akaacha kucheka. Akanieleza kwamba klorini ikizidi mno huibabua hata ile rangi ya kipimo. Unaona waridi mara moja, halafu inafutika, na wewe unadhani hamna kitu kumbe kimejaa kupita kiasi. Dawa yake ni kuzimua: sehemu moja ya sampuli, sehemu tisa za maji yasiyo na klorini, unapima, jibu unalizidisha kwa 10.

Maneno ambayo hayakuzidi dakika moja. Ndiyo elimu yenye thamani kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa kazini, na haikuwa kwenye ratiba. Wenzangu 30 walikaa ukumbi ule ule, wakala kuku yule yule, wakaondoka bila kuijua, si kwa uvivu bali kwa sababu hawakuja na sifuri zao.

Hili ndilo ninalowaambia vijana kabla ya kitu kingine chochote. Barua ya mwaliko ikifika, kabla hujauliza posho ni kiasi gani, kaa na watu wa zamu yako muandike tatizo moja mnalolala nalo na kuamka nalo. Moja tu. Liandikwe na namba na saa, na picha ya simu ikiwezekana. "Presha ni ndogo" haliwi tatizo la kumpelekea mtu. "Mtaa wa juu ya shule haupati maji kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4, tenki likiwa nusu" hilo linajibika. Na usiliulize ukumbini. Ukumbini mkufunzi anakimbizana na ratiba, na kuna wale ndugu zetu wanaosimama kuuliza ili waonekane na mgeni rasmi. Mvizie kwenye chai.

Viwango vyenyewe vya klorini, kwa kuwa nimeanza navyo nisiviache hewani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka klorini huru, yaani ile iliyobaki bila kuliwa na uchafu, isiyopungua miligramu 0.5 kwa lita baada ya nusu saa ya kukaa kwenye maji, pH ikiwa chini ya 8, na bombani kwa mteja isipungue 0.2. Ukomo wa juu ni 5. Viandike kwa kalamu nene, ubandike ukutani juu ya meza ya vipimo. Mtu wa zamu ya usiku hana muda wa kutafuta kitini.

Jina lako linaingiaje kwenye orodha

Kuna jambo linaniuma na nitalisema. Mafunzo ya valvu huenda mhandisi. Mafunzo ya pampu huenda mkuu wa idara. Yule anayezungusha valvu kila alfajiri na yule anayelala pembeni ya pampu huletewa begi la kitambaa, kama zawadi. Nimeona mtu akipelekwa mafunzo ya kuunganisha mabomba ya plastiki kwa joto, na mashine yenyewe hajawahi kuigusa wala hataigusa.

Hilo huliondoi kwa kulalamika kwenye kijiwe. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai, na makadirio huanza kupikwa miezi mingi kabla. Ukingoja tangazo litoke ndipo uombe, utaambiwa fungu limeisha, na mara nyingi ni kweli limeisha. Andika dokezo mapema, kabla idara yako haijapeleka mahitaji yake kwa afisa rasilimali watu. Dokezo liwe la ukurasa mmoja: tatizo, linavyoigharimu mamlaka, mafunzo yanayolihusu, na utakachofanya ukirudi. Hicho cha mwisho ndicho wengi wanakiruka. Bosi wangu mmoja alinisainia papo hapo kwa sababu ya sentensi moja: "Nikirudi nitawafundisha mafundi wanane wa kanda ya kaskazini kwa siku mbili, bila posho."

Kwa fundi bomba aliyejifunzia mtaroni, asiye na karatasi, usikate tamaa ukadhani mlango umefungwa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa: unapimwa kwa vitendo, pengo lako linafanyiwa kazi, unapata cheti. Nawajua waliopita humo wakaajiriwa. Kwa anayetaka kusoma zaidi kuna Chuo cha Maji pale Ubungo, kilichoanza mwaka 1974. Waliosoma zamani bado wanakiita Rwegarulila. Ndugu zetu Wakenya wana taasisi yao ya maji, KEWI, South C, Nairobi.

Na mtandaoni kuna vya bure ambavyo watu hawavifungui. EPANET, programu ya kupigia hesabu presha na mtiririko kwenye mtandao wa mabomba, inatolewa na shirika la mazingira la Marekani bila senti moja, na inakubali hata kompyuta kuukuu. Kuna masomo ya usafi wa mazingira na majitaka ya watafiti wa Eawag wa Uswisi kwenye Coursera. Kikwazo ni Kiingereza na bando. Sisi tulisoma wawili wawili, anayekijua Kiingereza akisoma, anayeijua kazi akimsahihisha. Nakiri wa pili ndiye aliyekuwa anafundisha zaidi.

Vitabu vya wenzetu, matenki yetu

Mafunzo yaliyonifikisha nilipo ni ya upotevu wa maji. Mkufunzi alitupa kitu kitamu kwa wepesi wake. Kati ya saa 8 na saa 10 usiku watu wamelala. Maji yanayopita kwenye mita kubwa ya kanda saa hizo, ukitoa kidogo cha wanaoamka kwenda chooni, ndiyo yanayovuja. Huhitaji kifaa cha bei mbaya. Unahitaji mita inayofanya kazi, tochi na mtu asiyesinzia.

Nilirudi na moto. Wiki hiyo hiyo nikaenda kwenye kanda moja yenye nyumba kama 800. Saa 8 kamili nikasoma, saa 10 nikasoma, zimepita uniti 62 (uniti moja ni lita 1,000). Yaani 31 kwa saa. Nikazidisha kwa 24, nikapata 744 kwa siku, nikaandika taarifa kwa herufi kubwa. Bosi akaisoma kwenye kikao cha menejimenti. Kwa siku mbili nilitembea kama mtu aliyegundua madini.

Siku ya tatu fundi mmoja wa kanda ile, mtu wa maneno machache, akaniambia: "Kaka, hao wanajaza matenki."

Kanda ile ilikuwa ya mgao, siku tatu kwa wiki. Maji yakifunguliwa jioni, kila nyumba ina tenki la plastiki la lita 1,000, 2,000, wengine 5,000, na yote yanajaa usiku kucha wenyewe wakiwa wamelala. Nilikuwa nimepima kiu ya watu nikaiita uvujaji.

Ile mbinu haina kosa. Imeandikwa kwa ajili ya miji ambayo maji hayakatiki, ambako mtu hana sababu ya kuweka tenki juu ya paa. Tuliirudia kwa namna yetu. Tukaomba kanda ile ifunguliwe mfululizo siku sita (haikuwa rahisi, kanda ya jirani walitutukana), mpaka matenki yote yakajaa na maboya yakafunga. Usiku wa saba tukasoma tena: uniti 11 kwa saa. Ukizikadiria nyumba 800 lita mbili kila moja kwa saa, matumizi hayafiki hata uniti mbili. Zaidi ya uniti tisa zilikuwa zinakwenda ardhini kila saa. Tukaanza kufunga valvu mtaa mmoja baada ya mwingine, mmoja wetu macho kwenye mita na simu sikioni. Mtaa wa nne ulipofungwa, sindano ikashuka: 11 ikawa 5.

Kulipokucha tukauzunguka mtaa ule na fimbo ya chuma, ncha moja kwenye bomba na nyingine sikioni. Tukakuta pale bomba la inchi mbili linapovuka mtaro, chini ya zege, limekatika kwenye kiungo na maji yanaingia moja kwa moja kwenye mfereji wa mvua. Hayakuwahi kutoka juu. Wakazi walidhani mfereji una chemchemi, na kulikuwa na mgomba umestawi vizuri sana.

Ninachokwambia ni hiki: ukiwa kwenye mafunzo yoyote, hasa yenye picha za miji ya Ulaya, muulize mkufunzi: na penye mgao? Wakufunzi wazuri hulipenda swali hilo. Nililiuliza kuhusu mita nikajifunza kwamba boya likikaribia kufunga huruhusu mkondo mwembamba sana ambao mita, hasa iliyochoka, haiuoni kabisa. Maji yanaingia tenkini, mita imelala. Upande wa pili, maji yakirudi baada ya mgao husukuma hewa mbele yake, na hewa hiyo huizungusha mita. Mteja anayelalamika kwamba mita yake inasoma hewa si lazima awe mkorofi. Nimewaombea radhi kimoyomoyo wateja wengi niliowabishia miaka ile ya kusoma mita.

Habari za grupu na habari za kweli

Mwaka mmoja ujumbe wa sauti ulizunguka kwenye grupu la kazini: bei za maji zinapanda tarehe moja. Sauti ya mtu mzima, imetulia, inataja hata asilimia. Mchana nikamwambia mama lishe ninayekula kwake, kwa nia njema, ajipange. Mama lishe akamwambia mwenyekiti wa mtaa. Kesho yake mwenyekiti akaja ofisini na watu 15, na aliyetajwa kama chanzo cha habari ni mimi. Bei haikuwa imepanda wala hakukuwa na maombi ya kuipandisha.

Kilichonitia aibu ni kwamba utaratibu niliujua. Bei haipandi kwa ujumbe wa sauti. Mamlaka hupeleka maombi EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, naye huitisha mkutano wa taftishi, wananchi wanasema yao, Baraza la Ushauri la Watumiaji nalo linasema lake, ndipo uamuzi unatolewa na kuchapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Kwa hiyo mtu akikuletea habari ya bei, muulize taftishi ilifanyika lini na ukumbi gani. Akishindwa kujibu, endelea na chai yako.

Sheria nayo isome mwenyewe. Ya sasa ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ni ya mwaka 2019, ndiyo iliyoleta RUWASA, wakala wa maji wa vijijini, na kuiondoa ile ya 2009. Bado nakutana na watumishi wa mjini wanaonukuu ya 2009 mbele ya wateja, na mteja mwenye mtoto chuoni anawaumbua.

Ila kama una muda wa kusoma kitu kimoja tu kwa mwaka, soma ripoti ya EWURA ya utendaji wa mamlaka za maji. Watu wanaitazama kama matokeo ya mtihani: nani wa kwanza, nani wa mwisho, basi. Mimi naitumia kama kitabu cha simu. Natafuta mstari wa mamlaka yetu: saa za huduma, upotevu, idadi ya watumishi kwa kila wateja 1,000. Halafu natafuta mji unaofanana na wetu kwa ukubwa ambao unatupita kwenye kitu kimoja. Napiga simu huko, naomba kuongea na fundi, si mkurugenzi. Lengo la upotevu ni kushuka chini ya asilimia 20 ya maji yanayozalishwa. Hata Kenya lengo lao ni hilo hilo, na ripoti za WASREB, mdhibiti wao wa maji, kwa miaka kadhaa zimeonyesha wanapoteza zaidi ya asilimia 40, kwa hiyo hakuna wa kumcheka mwenzake. Mtu akishuka kutoka 38 hadi 29 kuna jambo amelifanya, na mafundi wa maji, nimegundua, hawana uchoyo wa kusimulia. Mmoja aliniweka kwenye simu dakika 50 mpaka salio lake likaisha.

Wiki ya Maji, Machi 16 hadi 22, ni wakati mwingine mzuri. Usiishie kwenye fulana na maandamano. Wageni wa wizarani na wa mamlaka nyingine wako mjini, wamechoka hotuba, na wanapenda kuulizwa mambo ya kazi.

Yasiyongoja barua

Haya hayahitaji bajeti wala mwaliko. Kama uko kwenye majitaka na hujafundishwa kuingia chemba, usiingie. Hewa yenye harufu ya mayai viza inaua, na ubaya wake ni kwamba ikizidi inaua kwanza uwezo wa pua kuisikia. Unadhani imeondoka. Kisha anaanguka mmoja, wa pili anamfuata kumwokoa, wa tatu vile vile. Usishuke peke yako, usishuke bila kamba na mtu juu, na mwenzako akianguka usimfuate bila kifaa cha kupumulia. Mtu akikushurutisha, mwombe aandike.

Poda ya klorini unaitia kwenye maji. Usitie maji kwenye poda. Isikaribiane na tindikali, mafuta wala dizeli, hata kama stoo ni moja na mtunza stoo ni rafiki yako. Na kwenye mitungi ya gesi ya klorini, ikivuja, kumbuka gesi hiyo ni nzito kuliko hewa: kimbia kuelekea unakotoka upepo na panda juu, usijifiche shimoni.

Ijumaa, stoo, nusu saa

Baada ya aibu ya uniti 744 tulianzisha kitu kidogo. Kila Ijumaa saa moja na nusu asubuhi, kabla magari hayajatoka, tunakaa stoo kwa nusu saa juu ya marobota ya mabomba. Aliyetoka mafunzo anasimulia jambo moja tu, na lazima alionyeshe kwa mikono. Hakuna slaidi. Kama hakuna aliyetoka mafunzo, fundi yeyote anaeleza kazi moja ya wiki hiyo iliyomtoa jasho. Mara ya kwanza tulikuwa watano. Chai na mihogo vilipoanza kuletwa tukawa 20, sijifanyi sijui kwa nini.

Hapo ndipo tulipogundua tunampoteza mzee wetu wa valvu. Alikuwa amebakiza wiki tatu kustaafu, baada ya kufunga na kufungua maji ya mji ule tangu hatujaajiriwa. Ramani zetu zilikuwa na valvu nyingi zilizochorwa kwa kukisia, kichwani mwake zilikuwepo zote. Nikamwendea: "Shikamoo mzee, tunaomba utuzungushe." Akaniambia, "Marahaba, kijana wangu, nilikuwa nawangoja mniulize. Miaka yote mnaenda Dodoma kujifunza, mimi niko hapa."

Tulizunguka naye siku tisa, mimi na simu yenye GPS, yeye na ufunguo wake wa T. Mbele ya duka moja la vifaa vya ujenzi akasimama, akagonga kisigino kwenye vigae, akasema iko hapa. Mwenye duka akabisha. Tulipong'oa vigae viwili tukaikuta, inchi nne, imefunikwa kifusi. Mzee akaingiza ufunguo akaanza kuizungusha ili kuifunga, akihesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Ikagoma.

"Ya inchi nne ni raundi 14," akasema. "Ya sita ni 20. Hii imegota kwenye tano, ina maana ilikuwa imefungwa tisa. Kuna mtu aliibana zamani akasahau kuirudisha."

Tuliifungua yote, taratibu ili bomba lisishtuke. Jioni ile mtaa wa juu ya shule walipata maji saa ambazo hawakuwahi kuyapata. Kwa mtaa huo nilikuwa nimeomba mafunzo mara mbili, na kwenye makadirio tulikuwa tumeweka pampu mpya.

Namba zake za raundi sasa ziko kwenye ramani, pembeni ya kila valvu, pamoja na upande inakofungia, maana si zote zinafunga kulia. Mzee alishastaafu lakini bado yumo kwenye grupu letu la Ijumaa. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe wa sauti saa 11 alfajiri: "Kijana wangu, ile ya pembeni ya msikiti umeandika inafunga kulia. Ile inafunga kushoto. Mtakuja kuivunja." Nimeshairekebisha.